Golf ya TSI, Peugeot au ile Golf ya zamani? Acha nembo, niambie injini na giaboksi

Swali la dada mmoja, nimelifupisha: "Habari mtaalamu. Nataka gari ndogo ya Ulaya ya milango mitano, iliyotumika, ya kwenda kazini na kurudi, foleni nyingi, jumla kama km 12,000 kwa mwaka. Nimepata tatu, bei zinakaribiana. Golf ya 2011 1.4 TSI ya DSG, km 118,000. Peugeot 308 ya 2016 1.2 PureTech otomatiki, km 85,000. Na Golf ya 2008 1.6 ya gia za mkono, km 160,000. Shemeji anasema nichukue yenye km chache, fundi anasema za Ulaya zote ni mzigo. Nimsikilize nani?"

Salama dada. Shemeji na fundi kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila ukiviunganisha hivyo vipande bado hujapata gari.

Tuanze na fundi. Namuelewa kabisa, yeye anaona zilizoharibika tu, zinazotembea hazimfikii, na hizo zinazomfikia nyingi zimeshapita mikono mitatu minne ya watu waliokuwa wanaweka oili yoyote iliyokuwa karibu. Lakini kusema zote mzigo hapana. Kwenye Golf hiyo hiyo, bodi ile ile, viti vile vile, kuna injini utakayokaa nayo mpaka uichoke wewe, na kuna nyingine itakayokuchosha kabla mwaka haujaisha. Kwahiyo ukiniuliza "Golf ni nzuri?" sina jibu, niambie kwanza Golf yenye injini gani na giaboksi gani. Kwenye VW, Audi, Škoda na SEAT kuna stika kwenye buti, pale chini kwenye tairi la spea, na nyingine kwenye kitabu cha sevisi, ina herufi za kutambulisha aina ya injini na ya giaboksi. Piga picha hiyo kabla ya picha za rangi na rimu.

Halafu kuna jambo watu wengi wanalikosea. Wanahesabu gari inaharibika mara ngapi. Mimi nauliza vitu vitatu: inaharibika nini, kikiharibika kinameza kiasi gani, na je kinatoa taarifa kabla? Gari inayounguza koili kila baada ya muda, na kioo cha dirisha kinachokwama, hiyo ni kero, unanung'unika unatengeneza unaendelea na safari. Gari ambayo haikusumbui chochote miaka mitatu halafu asubuhi moja cheni inaruka meno na injini inakufa, hiyo sio kero, hiyo imekumalizia akiba. Kwenye takwimu zote mbili zinaandikwa "imeharibika", ila mfukoni hazifanani hata kidogo.

Sasa Golf ya TSI, yaani yenye injini ya petroli ya VW iliyofungwa tabo. Ya 2011 injini yake ni ya familia ya EA111, na nisikudanganye, ni injini tamu, ndogo lakini inavuta vizuri na mafuta inakunywa kwa adabu. Ugonjwa wake ni cheni ya taimingi, ile inayofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, na tensheni yake, kifaa cha kuikaza. Cheni inarefuka, tensheni inashindwa kuikaza hasa asubuhi wakati gari imelala na presha ya oili haijapanda, basi unasikia mkwaruzo kama mnyororo unaburuzwa kwenye bati, sekunde mbili tatu, kimya. Wenye gari wanaizoea hiyo sauti, wanasema "ndo zilivyo". Sio zilivyo. Siku cheni ikiruka, valvu na pistoni zinagongana na hapo unatafuta injini nyingine. Zile zenye tabo na supachaja kwa pamoja, vyote vya kusukuma hewa kwenye injini, za nguvu ya farasi 140 kwenda juu, zinaongeza na la pistoni kumegeka kwenye sehemu ya ringi. Yako kama ni ya nguvu 122 ina tabo peke yake, afadhali kidogo, ila cheni ni stori ile ile. VW wenyewe waliona, ndo maana injini iliyofuata, EA211, iliyoingia na Golf ya saba kuanzia 2012, wakarudi kwenye belti. Na angalia mtego hapo, nyuma ya gari zote mbili pameandikwa 1.4 TSI, nembo ile ile kabisa, wakati ni injini mbili tofauti!

Halafu DSG, giaboksi ya VW inayojibadilisha gia yenyewe kwa klachi mbili. Kwenye hiyo gari ni ya gia saba, DQ200, ina klachi mbili kavu, yaani hazifanyi kazi ndani ya oili. Barabara ya kufululiza haina neno na inabadilisha gia vizuri mno, shida ni foleni, kutambaa mita tano simama, mita tano simama, pale klachi zinasagika na kupata joto na hazina cha kuzipooza. Dalili ni gari kutetemeka ikiondoka, hasa kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Ubaya zaidi ni mekatroniki, ile ubongo na pampu yake ndani ya giaboksi, ikipoteza presha gari inakosa gia palepale ulipo. Na hili sio la vijiweni, mwaka 2013 VW waliita gari zaidi ya 380,000 China peke yake zirudishwe kwa ajili ya giaboksi hizi. Usichanganye na DSG ya gia sita, DQ250, hiyo klachi zake zinaoga kwenye oili na inavumilia, sharti oili na filta yake vibadilishwe kila km 60,000, na wauzaji wengi ukiwauliza hiyo oili ilibadilishwa lini wanakutolea macho tu.

Wewe umeniambia foleni nyingi. Kwahiyo DQ200 na maisha yako haviendani, hata kama gari ni safi.

Tuje kwa Peugeot, na hapa shemeji ndo anapopotea, maana ina km chache kuliko zote na ndo inayonitia wasiwasi zaidi. Giaboksi yake, kama ni ya gia sita ya EAT6, ni ya kampuni ya Aisin, ni otomatiki ya kawaida, hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi ni injini. PureTech ya 1.2 ya miaka hiyo belti yake ya taimingi iko ndani ya injini, inafanya kazi ikiwa imeloa oili. Wazo lilikuwa kupunguza msuguano na mafuta, na kweli injini ikasifiwa, ilichukua tuzo ya injini bora ya mwaka kwenye daraja lake mara nne mfululizo, 2015 mpaka 2018. Halafu muda ukapita. Petroli inapenya kidogo kidogo kwenye oili, hasa kwa gari inayowashwa, inaenda safari fupi, inazimwa kabla haijapata moto wa kutosha, na hiyo petroli ndo inayokula mpira wa belti. Belti inavimba, inapasuka pasuka, vipande vinashuka chini vinaziba chujio la pampu ya oili. Injini inakosa oili. Nyingine hata breki zinakuwa ngumu kwa sababu vipande vimefika kwenye pampu ya vakiumu inayosaidia breki. Umeona basi, km 85,000 za safari fupi kwa miaka mingi ni mbaya kuliko km 150,000 za barabara kuu, na hilo mita ya kilomita haikuambii. Stellantis, kampuni mama ya Peugeot, mwaka 2024 waliongeza dhamana ya injini hiyo Ulaya mpaka miaka 10 au km 175,000, kitakachotangulia, ila kwa aliyefanya sevisi kwa wakati, na gari ya 2016 hiyo miaka 10 hata bila kupiga hesabu unaona ilipo.

Ukiipenda bado, uzuri mmoja ni kwamba belti inaonekana. Injini ikiwa imezimwa na imepoa unafungua kifuniko cha kuwekea oili, unamulika tochi, unaiona. Kuna na kipimo chake maalum cha upana wa belti, ikiwa imevimba haiingii. Fundi anayezijua hizi gari anacho, na asiyekuwa nacho huyo usimpe hiyo kazi. Ford EcoBoost ya 1.0 kwenye Fiesta na Focus za kuanzia 2012 nayo ilikuja na belti ya kuloa, nayo ilikuwa inabeba tuzo miaka ya mwanzo, kwahiyo mwenye macho ya Ford asome aya hii mara mbili.

Golf ya 2008 1.6 ndo mzee wa watu. Kama ni ile ya nguvu 102, valvu nane, haina tabo, injekta zinamwaga petroli kwenye njia ya hewa kabla ya valvu kama zamani, belti yake ni kavu iko nje. Hakuna cha kushangaza humo ndani. Hakikisha tu sio 1.6 FSI, maana nayo ilikuwepo kwenye Golf hizo hizo, hiyo inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu zake zinashika masizi na ni gari ya mambo mengi bila faida ya maana. Hii ya kawaida inasumbua kwa vitu vidogo: koili, throto kuchafuka, nyumba ya themostati kuvuja kulanti, mashine za vioo, kula oili kidogo ikizeeka. Belti ya taimingi kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa, nunua seti nzima na wotapampu humo humo, kwa sababu kuipasua mara ya pili kwa ajili ya pampu peke yake ni kulipa ufundi mara mbili. Kitu kingine cha kuhesabu ni nyuma, Golf ya tano kama hii miguu ya nyuma ina mikono mingi na bushi nyingi, inatulia sana barabarani lakini zikichoka zinachoka zote pamoja. Gari ndogo kama Polo, Clio, Corsa, Fabia nyuma zina boriti moja tu, raha yake ndogo kidogo ila bili yake pia ndogo.

"Lakini hiyo ya zamani si inakula mafuta?" Najua utauliza. Haya tupige hesabu. Tuseme ya 1.6 kwenye mazingira yako inakula lita 8 kwa km 100, ya TSI lita 6.5. Kwa km 12,000 ni lita 960 dhidi ya 780. Tofauti lita 180 kwa mwaka, yaani lita 15 kwa mwezi. Chukua bei ya lita kwenye kituo unachojazia, zidisha kwa 15, kisha kaulize bei ya mekatroniki ya DQ200 au ya seti ya cheni pamoja na ufundi. Utaona inabidi ukae miaka mingapi ndo hizo lita 15 zilipe. Angekuwa mtu wa km 40,000 kwa mwaka barabara kuu ningeongea lugha nyingine kabisa, pengine ningempeleka kwenye dizeli. Kwako dizeli hapana, kile kichujio cha masizi kwenye egzosti kinahitaji mwendo mrefu na joto ili kijisafishe, kwa safari fupi kinaziba na kinakugeuka.

Kuna gharama haionekani kwenye tangazo, ya oili. Hizi gari zinataka oili yenye namba yake, VW wana 502 00 na 504 00 na kadhalika, Renault wana zao, BMW wana zao, na haitoshi kusoma 5W-30 kwenye galoni ukafurahi, geuza nyuma usome namba ya kiwanda. Na ile ratiba ndefu ya km 30,000 au miaka miwili ambayo VW waliiruhusu, mimi siipendi kwa mtu wa foleni, wewe mwaga kila km 10,000 au mwaka mmoja. Gari nyingi za cheni zilizokufa mapema ukifuata historia yake unakuta ililelewa kwenye ratiba hiyo ndefu na oili ilikuwa imebaki nusu kijiti.

Spea. Hapa za Ulaya zinasemwa vibaya kuliko zinavyostahili. Ukinunua kwenye boksi lenye nembo ya gari utalia kweli, lakini aliyetengeneza kile kifaa mara nyingi ni kampuni nyingine inayokiuza pia kwa jina lake: Bosch, Sachs, Lemförder, LuK, INA, Mahle. Klachi za ile DQ200 zenyewe ni za LuK. Kwahiyo pata namba ya spea, tafuta hiyo hiyo kwenye boksi la mtengenezaji, ni oji bila kulipia nembo. Na Golf ya tano inashea vitu kibao na Audi A3, SEAT Leon na Octavia za kipindi kile, unaweza kuambiwa spea ya Golf hakuna kumbe ya Octavia imejaa rafuni. Nyepesi nyepesi za feki ndo zinazoharibu jina, hasa bushi na sensa, unafunga leo baada ya miezi michache umerudi gereji unalaumu Wajerumani.

Wengine mtakaosoma hili mkiwa na gari tofauti, haraka haraka. BMW 1 Series ya dizeli yenye injini ya N47, kuanzia 2007, cheni iko nyuma upande wa giaboksi, yaani kuigusa ni kushusha injini au giaboksi, bila risiti ya cheni usiongee na muuzaji. Mini Cooper S na Peugeot na Citroën za 1.6 THP ni injini ya ndugu mmoja, cheni, pampu ya petroli ya presha kubwa, na masizi kwenye valvu. Ford za Powershift klachi kavu zikimbie, Australia mahakama iliwatoza Ford dola milioni 10 za huko mwaka 2018 kwa jinsi walivyowafanyia wateja waliolalamikia giaboksi hizo. Mercedes A-Class ya 2004 mpaka 2012 ni gari nzuri ndani lakini injini imelala chini ya sakafu, kazi ndogo inakuwa kubwa kwa sababu ya kufikia tu.

Kwenye km chache au umri, jibu langu ni risiti. Gari ya km 160,000 yenye mafaili ya sevisi mwaka hadi mwaka naichukua mbele ya gari ya km 85,000 yenye stori tamu ya "ilikuwa ya mama mmoja hivi". Mpira, plastiki na kulanti vinazeeka hata gari ikiwa imeegeshwa. Mita nayo inachezewa, mwambie fundi mwenye mashine ya kusomea makosa ya gari asome km zilizohifadhiwa kwenye kontrolboksi (kompyuta) nyingine za gari pia, sio dashibodi peke yake, mara nyingi anayerudisha km anasahau huko. Kama gari ilitembea Uingereza, rekodi za ukaguzi wake wa MOT ziko wazi mtandaoni bure kwa namba ya usajili, zinaonyesha maili za kila mwaka na ilifeli nini. Angalia pia pedali na usukani kama vimelika kuliko km zinavyosema. Na tairi, gari ikiwa na tairi nne za majina manne tofauti, mwenyewe alikuwa anatengeneza kinacholia tu, na oili hailii.

Kukagua nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ukifika weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kaa hapo usubiri ipoe au uahirishe, maana kelele ya cheni na moshi wa kuanzia vinajificha kwenye injini iliyopata moto. Washa mwenyewe, redio zima, sikiliza. Kisha endesha si chini ya nusu saa, na upite kwenye foleni makusudi, sio kuzunguka mtaa mara moja. Kama ni otomatiki panda kilima kwa rivasi taratibu uone inatetemeka au la. Na gari ipimwe kwa mashine baada ya kuendesha, sio kabla tu, kuna watu wanafuta makosa asubuhi kabla hujafika na mengine yanarudi ukishatembea.

Sasa uamuzi kwa zako tatu. Mimi ningechukua hiyo ya 1.6 kama bodi haina kutu wala haijapigwa na haichemshi. Ile TSI ya 2011, kwa foleni zako siitaki hata ikiwa na risiti ya cheni, labda ungeipata ya gia za mkono. Peugeot iangaliwe belti kwanza, ikiwa imeshabadilishwa karibuni na chujio la oili likasafishwa, yote kwa risiti, inakuwa gari nzuri tu na ndo utakayoifurahia kuendesha kuliko zote, bila hivyo shusha bei kwa kiasi cha kazi hiyo yote au ondoka. Na ukiweza kusubiri, tafuta ya nne: Polo ya 2009 mpaka 2014 yenye 1.4 isiyo na tabo, nguvu 85, au Škoda Fabia ya miaka ya karibu na hiyo yenye 1.4 ya aina hiyo. Haina mbwembwe, kilima inapanda kwa kulalamika, lakini kwa safari zako ndo ulipotakiwa kuanzia.

Yoyote utakayochukua, usimalize hela yote kwenye kununua. Bakiza asilimia 15 mpaka 20 ya bei ya gari pembeni, na wiki ya kwanza kabla ya redio na vitambaa vya viti ingia gereji: oili na filta zote, plagi, mafuta ya breki, kulanti, belti na wotapampu kama hakuna risiti, na betri ipimwe, kwa sababu kwenye hizi gari betri ikilegea taa za dashibodi zinawaka kama ngoma imeanza na kuna watu wameshauziwa kontrolboksi nzima kwa kosa la betri.

Hiyo ya 1.6 ukienda kuiona, herufi za injini kwenye stika zisomeke BSE au nyingine ya familia hiyo hiyo ya valvu nane. Ukikuta ni FSI, muage muuzaji vizuri urudi nyumbani.